Mwaka Nilioficha Jina la Nyamatete

Si kweli kwamba Sista Brida ndiye aliyelipeleka bweni kwenye mawe. Mwenyekiti wetu wa kijiji alisema hivyo Jumapili, baada ya misa ya kumwombea marehemu, tena akiwa ameshika kipaza sauti: "Alikuwa mama yetu, tunamshukuru, lakini ukweli usemwe, imani za kwao Ayalandi ndizo zilizowapandisha watoto wetu mlimani na ndoo kichwani." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Mimi nilikuwa benchi la tatu na sikusimama. Mdogo wangu Bhoke alinifinya mkono akanong'ona, "Dada, acha, leo siyo siku yake." Nikaacha. Lakini nimekaa na hilo neno siku nne halinitoki, kwa hiyo naliandika. Ndiyo, bweni la wasichana liko juu. Ndiyo, wanapandisha maji dakika kumi na tano, na lilichelewa hadi mwezi wa tano badala ya wa kwanza. Hayo sibishi. Ila haikuwa imani, na wala haikuwa yeye. Aliyelipandisha ni mimi, na kabla sijalipandisha nilikuwa nimeshaliweka mahali pabaya kwa uongo, na hiyo sehemu waliijua watu watatu tu. Bibi yangu alitangulia miaka mitatu iliyopita. Sista amefia kwao mwezi huu. Nimebaki mimi.

Nina miaka ishirini na nne. Najua kumbukumbu za maisha wanaandika watu wenye mvi, wamekaa kwenye kiti cha kamba, wajukuu wanawaletea chai. Mimi siwezi kusubiri mvi. Nikisubiri, maneno ya mwenyekiti yatakuwa ndiyo historia. Halafu mimi nina kaunta buku la mwaka ule, lile la kava jekundu, nilikuwa naandika karibu kila siku, na nikilifungua leo naona aibu kwa mambo mengi, hasa jinsi nilivyokuwa na haraka. Kila ukurasa una neno "nachelewa". Nilikuwa nachelewa wapi? Nilikuwa na miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka mwezi wa kwanza na nimepata divisheni foo. Wenzangu wawili walikwenda Tarime kurudia mtihani, mmoja akapata kazi ya kufua mashuka kwenye kambi ya watalii upande wa Natta. Mimi nikapata kazi ya kuwa macho ya Sista Brida.

Ndivyo ilivyokuwa hasa. Sista alikuwa amekaa kijijini kwetu Nyansurura miaka mingi kuliko umri wa baba yangu, na mwaka ule mtoto wa jicho alikuwa amemzidi, macho yote mawili. Aliona mwanga, aliona mtu ni mrefu au mfupi, basi. Alitaka binti wa kumsomea barua, kumwandikia majibu, na kumtafsiria kwa wazee, maana Kiswahili alikijua vizuri kuliko mimi lakini kilugha chetu alikijua cha salamu tu. Akili yangu yote ilikuwa kwenye baiolojia. Nilimwambia siku ya kwanza, "Sista, mimi nitakusomea barua, lakini jioni wewe unisaidie mada ya usanisinuru." Akasema, "Tutaona kama barua zitaisha." Hazikuisha. Chumba chake kilikuwa na meza moja, kitanda cha chuma, rafu ya vitabu vilivyoliwa na mchwa pembeni, na dirisha linalotazama zahanati. Saa sita tulikula viazi mviringo vya kuchemsha na maganda yake. Alikuwa anavimenya kwa ncha za vidole, haraka, bila kuona, huku ananidhihaki kwamba mimi mwenye macho namaliza kimoja yeye ameshafika cha tatu. Siku za Jumatano nilimletea ugali wa mtama na muhogo kutoka kwa bibi, na mgagani uliolazwa kwenye maziwa, na siku hizo viazi vilipumzika.

Barua nyingi zilitoka kwa mpwa wake. Kwenye bahasha, nyuma, palikuwa na jina la kijiji: Annagh. Siku moja nikamuuliza linasomwaje. Akaniambia linaandikwa hivyo lakini siyo jina lenyewe, jina lenyewe ni Eanach, na maana yake ni mahali pa majimaji, penye ndege wa majini. Akaeleza kwamba zamani, kwao walipokuwa wanatawaliwa na Waingereza, wapima ramani walipita wakaandika majina kama yalivyofaa kwenye sikio la Mwingereza na kwa herufi zake. "Jina likavaa koti la mwingine," akasema. "Baada ya vizazi viwili vitatu lugha ikapungua, watu wakawa wanasoma kibao tu, hawasikii tena maji yaliyo ndani yake." Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, na alipoanza hivyo nilijua siku imekwisha. Eanach ni hilo la ndege. Corcach ni tope laini, kando ya mto. Kuna mji mkubwa kusini mwa nchi yao umepata jina hapo, na kweli umekaa katikati ya maji. Currach ni mahali pa unyevu penye vichaka. Riasc ni penye nyasi ngumu, unaona kijani unafurahi, unakanyaga unaacha kiatu. Maneno manne, na akasema bado hajamaliza. Usiku ule kaunta buku langu linasema hivi: "Leo S.B. kanifundisha aina nne za tope za Ulaya. Mtihani hauulizi tope. Nachelewa."

Lakini kitu kimoja nilikicheka sana, na nikakikumbuka. Nilimuuliza majina hayo yana kazi gani sasa, watu si wanaona kwa macho kama pana maji? Akasema kaka yake alikuwa na macho mazuri. Alijenga nyumba ya kisasa pale pale Eanach, kwenye tambarare ya chini, na dirisha kubwa kama mlango wa kanisa. Alijenga kiangazi. Majira ya baridi ya pili aliamka akaona soksi zake zinaelea chumbani. "Kwani Sista, kaka yako hakujua Kiayalandi?" "Alijua cha sala," akasema. Tangu hapo, mahali popote alipokwenda, kabla hakijachimbwa kisima au choo au msingi, aliuliza kwanza jina la mahali. Na hakumuuliza mwenye shamba. Alimuuliza bibi kizee aliyeolewa pale, kwa sababu, alisema, mwenye shamba anasema anachotaka shamba liwe. Mafundi walikuwa wanalijua hilo jambo lake na walilitania. Fundi akifika na futi kamba, mwenzake anamwambia, "Umeshabatiza?"

Sasa nije kwenye bweni. Shule yetu ya kata ilikuwa haina bweni, na mwaka ule kijiji kiliunda kamati ya kulijenga kwa fedha za wafadhili. Bhoke alikuwa kidato cha pili, anatembea saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, na muhula wa kwanza alikuwa amepanga geto la matope pale senta na wasichana wengine watatu, mlango wa bati unafungwa kwa waya. Baba alilivunja hilo geto mwenyewe. Alikwenda na baiskeli akarudi na godoro la Bhoke nyuma. Halafu akasema maneno ambayo nimeyanukuu siku ileile: "Bweni likiwa tayari mwezi wa kwanza, ataendelea. Lisipokuwa tayari, shule imemtosha. Mimi sitaki kuletewa habari nikiwa shambani." Bhoke hakulia. Alichukua daftari lake la hesabu akaenda kukaa nyuma ya zizi. Mimi nilijua vizuri kabisa msichana aliyetoshwa na shule anapelekwa wapi baada ya hapo, na ng'ombe wanatoka wapi.

Kwa hiyo siku ya mkutano wa kijiji Mzee Marwa aliposimama akasema anatoa kiwanja, mimi nilipiga makofi kuliko wote. Mwezi wa tisa, jua kali. Kiwanja kilikuwa kando ya barabara, tambarare kama meza, hakuna jiwe hata moja la kupasua, lori linaingia bila kukata mti. Udongo mweusi, umepasuka nyufa za kuingiza kiganja. Sista alikuwa pembeni yangu, akaniuliza udongo una rangi gani, nikamwambia, "Mweusi mweusi, Sista, wenye rutuba." Nyuma yetu mama wawili walikuwa wanaongea kwa kilugha. Mmoja alisema, "Hapo si ndipo ndama wa Wankuru alipozama mpaka masikio?" Mwenzake akamjibu, "Nyamaza wewe, mtu katoa." Nililisikia. Na nilimwona kila mwenye zaidi ya miaka arobaini akitazama miguu yake. Mzee Marwa ni mtu mwenye heshima, hakulazimishwa, na kwetu mtu akitoa kitu hadharani unashukuru hadharani. Kasoro unaenda kumwambia kwake, jioni, ukiwa umekaa. Tatizo ni kwamba kila mmoja alidhani mwingine ndiye atakayekwenda jioni. Hakuna aliyekwenda. Nimelifikiria sana hilo. Kwa kina Sista watu walisahau maana ya jina, ndipo wakajenga. Sisi hatukusahau. Tulijua, tukamwachia jirani aseme.

Mimi ndiye niliyekuwa naandika mihtasari ya kamati kwa sababu ya mwandiko wangu. Kwenye fomu ya wafadhili palikuwa na mstari, "Jina la eneo". Nilishaandika herufi ya kwanza, N. Mwenyekiti wa kijiji, huyuhuyu, akainama juu ya bega langu akasema, "Binti, andika Tumaini. Jina zuri linafungua mikono." Nikaikata ile N, nikaandika Tumaini. Nilikuwa naona ni kitu kidogo. Na kusema kweli lilikuwa linapendeza.

Vuli ilitangulia kidogo mwaka ule. Mwezi wa kumi fundi alifika na lori la mchanga kutoka upande wa Sirari, fundi mwenyewe ana ndugu ng'ambo ya mpaka na anaongea kama wao. Wakachimba mitaro ya msingi siku mbili. Siku ya tatu ikanyesha mvua moja tu, ya saa moja. Kesho yake nilipita pale asubuhi nikakuta mitaro imejaa maji ya rangi ya chai na kuta zake zimeanza kulala ndani, taratibu, kama mtu anayesinzia. Fundi alikuwa amechuchumaa anavuta sigara. Nikamsalimia. "Fundi, hii itakauka?" Akanitazama. "Madam, hii udongo inakunywa tu, haishibi. Lakini mimi niko na lori ya kulipia, vijana wako na njaa. Mahali nimeambiwa ni hapa, kesho asubuhi nitamwaga zege hapa. Wewe andika kwa kitabu yako tumemwaga." Vijana wakacheka. Nilikwenda zangu kwa Sista na nikamsomea barua mbili bila kumwambia neno.

Mchana ule ilikuwa Jumatano, na badala ya kungoja ugali wake Sista akasema anataka twende wenyewe kwa bibi. "Hiki kiwanja sijauliza," alisema. "Kila siku unaniambia kesho." Alichukua fimbo yake, akanishika kiwiko, tukaenda. Bibi alimpokea kama anavyopokea watu wote, alimkalisha kwenye kigoda karibu na mafiga, akamnawisha mikono, akaweka ugali mbele yake na mgagani na bakuli la maziwa mgando. Sista alikula kila kitu. Jiko lilikuwa na moshi, machozi yanamtoka, anasema ni chumvi. Alipomaliza akaweka fimbo magotini akaniambia, "Haya, Ghati. Muulize pale wanapojenga panaitwaje."

Nikamuuliza bibi. Alifuta mikono kwenye kanga, kisha akasema kwa kilugha, maneno mengi, na mimi nayakumbuka yote. Alisema: "Pale ni Nyamatete. Nilipoletwa hapa nikiwa mke mpya, mama mkwe wangu alinishika mkono tukazunguka siku nzima. Hapa unachota maji ya kunywa. Hapa unakata nyasi za kuezekea. Hapa usipite peke yako. Tulipofika pale matete yalikuwa marefu kunizidi, akaniambia, hapa ni Nyamatete, hata kiangazi, hata ukiona pamekauka kama kigae, usilaze ndama hapo, chini yake kuna mvua imelala. Matete yalikwisha, ng'ombe wamekula, watu wamefyeka. Mvua haijahama. Mwambie."

Sista alikuwa amegeuza uso kwangu, macho yake meupe kama maziwa. Nikafikiria lori. Nikafikiria baiskeli ya baba na godoro nyuma. Nikasema, "Anasema hapana jina, Sista. Ni shamba tu la Mzee Marwa. Wanapaita kiwanjani."

"Maneno yote hayo kwa kusema hapana jina?"

"Wazee, Sista. Wanazunguka."

Alipigapiga fimbo sakafuni. "Mshukuru," akasema. "Mwambie ugali wake unanifanya nikose adabu." Hiyo niliitafsiri vizuri. Bibi hakucheka. Nilimrudisha Sista kwake, njiani alinishika kiwiko kama kawaida, na alipofika mlangoni akasema, "Kesho wanamwaga, siyo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi," akaingia. Mpaka leo sijui alijua au hakujua. Nilikuja kumuuliza baadaye, akaniambia mtafsiri ni daraja, na yeye alishazoea kuvuka madaraja bila kuyaona. Si jibu, lakini ndilo nililopewa.

Niliporudi jua lilikuwa bado lipo. Bibi alikuwa anaosha lile bakuli la maziwa. Alikuwa ameliosha, naliona safi, anaendelea kuosha. Akasema bila kunitazama, "Wee Ghati. Kiswahili changu mimi ni cha mnadani. Najua elfu, najua jike, najua dume. Na 'hapana' naijua, kila siku natajiwa bei naijibu kwa hiyo. Mimi nimesema Nyamatete. Wewe umemwambia nini mgeni wangu?"

Nikajaribu kumweleza. Nilisema haraka haraka, mambo ya mwezi wa kwanza, baba alichosema, kwamba kuhamisha msingi ni kuanza upya, kwamba hakuna kiwanja kingine isipokuwa kule juu kwenye mawe na kule juu kuchimba tu ni wiki sita, kwamba mwalimu mkuu, kwamba fundi. Nilisema, "Bibi, jina si kitu, ni neno tu." Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Mtu amekula ugali wangu," akasema, "kwenye kigoda changu. Halafu mdomo wangu umemdanganya, na mimi nimekaa hapa namwangalia. Haijawahi kutokea nyumba hii." Akalifunika bakuli. "Na huyo Bhoke unayemlilia. Mvua ikiamka usiku, wasichana arobaini wamelala ndani, atakuwa amelala wapi?"

Nilikuwa nimelifikiria bweni kama tarehe. Mwezi wa kwanza, basi. Sikuwa nimelifikiria kama kuta, na Bhoke yuko kitanda cha chini kwa sababu anaogopa cha juu. Nikamwambia, "Basi kesho twende wote, wewe useme." Akatikisa kichwa. "Mimi nilishasema. Nilisema mbele yako. Mdomo umeufunga wewe, uufungue wewe." Kisha akanipa ugali uliobaki, wa baridi, na alikaa pale mpaka nikaumaliza.

Mwenyekiti angekuwa mtu wa kuuliza, ningemwambia hapa ndipo bweni lilipopanda mlima. Lilipandia kwenye jiko la bibi, jioni, juu ya sahani ya ugali uliopoa. Ayalandi ilitoa swali tu. Jibu lilikuwa letu tangu zamani.

Nililala chumba kimoja na Bhoke. Aliniuliza gizani, "Dada, kesho wanamwaga kweli?" Nikamwambia, "Kesho nitakuambia." Nikamwambia pia kwamba chumba cha Sista kina nafasi ya godoro lake chini ya dirisha, na kwamba nitamwomba, na kwamba baba hawezi kuvunja nyumba ya masista kwa baiskeli. Hakunielewa, akageuka akalala. Nikawasha tochi ya simu nikaandika kwenye kaunta buku nitakachofanya, na hapa nakinakili bila kurekebisha. Kwamba nitaamka kabla fundi hajawasha lori. Kwamba nitaanza kwa Sista, nimsalimie, nimwambie neno kwa neno alichosema bibi, hata lile la mvua iliyolala, nisikate hata moja ili nionekane afadhali. Kwamba kutoka hapo naenda kiwanjani na fomu ya wafadhili, niombe kalamu ya fundi, nikate Tumaini. Wakikataa kusikia nitashuka ndani ya mtaro nikae humo kwenye maji, maana hata fundi mwenye haraka hawezi kumwaga zege juu ya mtu. Na kwamba Mzee Marwa akinitazama, nitamwambia shikamoo kwanza, halafu nitalitaja shamba lake kwa jina lake. Nilipofunga daftari nikaogopa kwamba asubuhi nitaamka na sababu mpya. Nikalifungua tena, nikachukua peni ya bluu, nikaandika NYAMATETE kwenye kiganja cha mkono wa kulia, ule ninaosalimia nao watu.